Bili ya maji imepanda, springla ndiyo mshukiwa

Simu huanza kuingia mwishoni mwa Januari. Mvua za vuli zimeshasahaulika, masika bado, ukoka umeanza kuchoka, na bili ya Desemba imeshafika mkononi. "Fundi, njoo ung'oe hizi springla zako, zinanimaliza." Mimi nafunga mifumo ya kumwagilia bustani hapa Moshi, Arusha naenda nikiitwa, na sijawahi kung'oa springla kwa sababu ya bili. Nimepanga upya taima nyingi (vile visaa vya kuwasha na kuzima springla), nimefukua mabomba machache, na nozo (midomo ya kutolea maji) nilizosafisha kwa mswaki mkuukuu hazina idadi. Ninachokikuta mara nyingi ni springla nzima kabisa inayofanya kazi dakika nyingi kuliko mwenye nyumba anavyodhani. Kwa hiyo kabla hujashika jembe, shika kalamu, kisha nenda kwenye dalili inayofanana na yako.

Kiasi cha kawaida ni kipi?

Huwezi kulalamika kwamba springla inakula sana kama hujui sahani yake ni ya ukubwa gani. Hesabu ni nyepesi: maji ya kina cha milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ukoka wa Moshi, Januari na Februari jua likiwa kali, unataka kama milimita 4 hadi 5 kwa siku. Arusha mwezi wa Julai, mawingu yakishaukalia mlima Meru na watu wanashinda na makoti hadi mchana, milimita 2 hadi 3 zinatosha. Sasa chukua bustani ya mita za mraba 250, ambayo kwa viwanja vya Shanty Town, mtaa wa viwanja vikubwa hapa Moshi, si kubwa. Kwa milimita 4 hiyo ni lita 1,000 kila siku. Ni uniti 1 kwenye mita yako, au ndoo 50 za lita 20. Mwezi mzima ni uniti 30, na hapo hakuna kilichoharibika. Nikimwambia mtu hivyo, hunyamaza kidogo. Alidhani ukoka unakunywa kama ua la kwenye kopo.

Upande wa springla zenyewe, kuna aina mbili utakazozikuta kwenye nyumba nyingi. Ile inayochomoza na kusimama huku ikirusha maji kama upepeo uliokunjuliwa, hapa nitaiita ya feni; ya nusu duara hutoa kama lita 7 kwa dakika; ya duara zima ni mara mbili yake, ya robo ni nusu yake. Ile ya kuzunguka, ambayo mafundi tunaiita rota, hutoa kati ya lita 4 na 25 kwa dakika kutegemea nozo, ila inatawanya eneo kubwa zaidi. Ndiyo maana ya feni hushusha kama milimita 40 kwa saa, na rota milimita 10 hadi 20 tu. Dakika 15 za feni na dakika 15 za rota ni vitu viwili tofauti kabisa, na anayenakili ratiba ya jirani bila kuangalia aina ya springla ya jirani anajitafutia matatizo.

Kama unayo ile ya kuchomeka kwenye mpira na kuihamisha kwa mkono, pima mwenyewe: weka ncha ya mpira kwenye ndoo ya lita 20 na uangalie saa ya simu. Ikijaa kwa dakika 1, basi saa moja ya kusahau ni lita 1,200. Watu huisahau kwa urahisi sana, hasa mechi ikiwa imeanza.

Bili imeruka, bustani iko vilevile

Hii ndiyo dalili kubwa, na ina vyanzo vitatu: bomba linavuja chini ya ardhi, valvu (koki inayofunguliwa na taima) haifungi, au taima imepangwa vibaya. Tofautisha kwanza.

Jioni, subiri simtank ijae hadi boya lifunge, funga koki zote, waombe waliomo ndani wasifue wala kuvuta maji chooni kwa nusu saa. Kaangalie mita. Mita nyingi zina kinyota au pembetatu ndogo inayozunguka hata maji yakipita kidogo. Ikizunguka ilhali kila kitu kimefungwa, kuna mahali maji yanakwenda kati ya mita na tanki, au boya lenyewe halishiki. Hapa wengi huishia na kutangaza kwamba mfumo hauvuji. Lakini kama springla zako zinavuta maji kwenye simtank kwa pampu, mita haikuambii lolote kuhusu mabomba ya bustani. Upande huo upimwe hivi: funga koki ya kuingiza maji kwenye tanki, tumbukiza kijiti kirefu kupitia mfuniko, weka alama maji yalipofika, zima taima, ulale. Asubuhi kabla mtu hajafungua koki, pima tena. Kwenye simtank ya lita 5,000 sentimita moja tu ni zaidi ya lita 20.

Tundu dogo usilidharau. Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, una hesabu inayonukuliwa sana: tundu lenye upana wa moja ya thelathini na mbili ya inchi, yaani pungufu ya milimita 1, kwenye mfumo wa umwagiliaji linaweza kupoteza kama galoni 6,300 kwa mwezi. Hizo ni karibu lita 24,000, uniti 24. Dalili yake juu ya ardhi inaweza kuwa kipande cha ukoka kilichonawiri kupita wenzake wakati wa kiangazi, ambacho mwenye nyumba anakisifia kwa wageni.

Kama kijiti hakijaonyesha kitu na kinyota cha mita kimetulia, nenda kwenye taima. Na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka fulani niliitwa nyumba moja Shanty Town. Bustani ya mita za mraba 250, zamu nne. Zamu ni kundi la springla zinazofunguliwa na valvu moja. Waliokulia mlimani neno hili wanalijua tangu kwenye mfongo, ule mfereji wa asili wa Wachagga, ambako shamba lako lina saa yake na ukichelewa maji yameshakwenda kwa jirani. Kila zamu ilikuwa na springla sita za nusu duara, lita 42 kwa dakika, na kila zamu ilipangiwa dakika 15. Mzunguko mmoja ni lita 2,520, sawa na milimita 10, mara tatu kwa wiki. Ratiba safi. Uniti 32 au 33 kwa mwezi. Bili ilikuwa inasema zaidi ya uniti 130 kwa bustani pekee.

"Fundi aliyepita amesema ninunue simtank ya tatu," mama mwenye nyumba akaniambia. "Mbili hazitoshi, pampu inanyonya hewa."

"Mama, naomba kwanza nione taima."

Kikasha kilikuwa ukutani nyuma ya mlango wa stoo, kimeota vumbi. Kwenye muda wa kuanza nikakuta mistari minne: 5:00, 5:15, 5:30, 5:45. Aliyepanga aliwaza kwa akili ya kawaida kabisa: zamu ya kwanza ianze saa 11 alfajiri, ya pili robo saa baadaye, na kuendelea. Lakini taima nyingi haziendi hivyo. Muda wa kuanza ni wa mzunguko mzima. Ukiiambia saa 5:00, itafungua zamu ya kwanza, ikiisha ya pili, hadi ya nne, yenyewe. Ukiiongezea 5:15, inaelewa kwamba unataka mzunguko mwingine mzima, na kwa kuwa wa kwanza haujaisha, inaupanga kwenye foleni. Mistari minne ni mizunguko minne. Lita 10,080 kwa asubuhi moja. Nikamuuliza dada wa kazi springla huzima saa ngapi. Akajibu bila kusita, "Saa tatu, nikishamaliza kuosha vyombo." Kuanzia saa 11 hadi saa 3 ni saa nne kamili.

Nilifuta mistari mitatu. Kazi ya dakika mbili, na simtank ya tatu haikununuliwa.

Kosa la pili la taima ni letu wenyewe Waswahili, na watengenezaji wa vifaa hivi hawakulitegemea. Mtunza bustani mmoja wa Njiro, kijana makini, aliambiwa na bosi wake aweke saa 11 alfajiri. Akaweka 11:00 AM. Kila siku springla zilichomoza saa 5 asubuhi, jua la Arusha likiwa limeshapanda na upepo umeamka, maji mengi yakaishia hewani na mengine ukutani kwa jirani. Ukoka ukakauka, bosi akaongeza dakika, ukakauka tena, akaongeza tena. Niligundua kwa bahati: nilifika saa 5 kamili na nikalowa nikiwa bado getini. Kwa hiyo unapopanga taima, toa sita au ongeza sita, kisha soma AM au PM kwa sauti. Saa 11 alfajiri ni 5:00 AM. Huo ndio wakati mzuri: upepo umelala, presha ipo, na majani hukauka jua likitoka, hivyo ukungu wa magonjwa haupati nafasi ya kuota usiku kucha.

La tatu ni umeme kukatika. Ndani ya taima kuna betri ndogo ya kutunza kumbukumbu. Ikifa, umeme ukirudi baadhi ya taima husahau ratiba yako na kurudi kwenye ya kiwandani, ambayo mara nyingi ni kila siku, kila zamu, dakika 10 hivi. Saa nayo inaweza kuanza upya, kwa hiyo "alfajiri" ya taima ikawa jioni yako. Badilisha betri hiyo kila mwaka, na ratiba iandike kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa mfuniko.

Madoa ya njano huku, dimbwi kule

Kinachofanyika karibu kila nyumba: doa la njano linaonekana, mtu anaongeza dakika. Doa linabaki njano, kwingine kunageuka kinamasi, maji yanatoka chini ya geti na kuchora mstari barabarani hadi kwa muuza mkaa. Dakika haziwezi kutibu maji yasiyofika.

Kusanya makopo tisa yenye kuta zilizonyooka na ukubwa mmoja, ya samaki au ya maharage yanafaa. Yapange eneo la zamu moja, mengine kwenye doa, mengine kwenye ukoka mzuri, mengine kwenye kona. Washa dakika 15, zima, ingiza rula kwenye kila kopo. Zoezi hili watoto wakiwa likizo utaligombania. Makopo yakisoma milimita 9, 10, 11, springla zako hazina shida na doa lina sababu nyingine: mchwa, mizizi ya mti, kifusi cha ujenzi kilichofukiwa. Lakini yakisoma 3 kwenye doa na 18 kwenye kona, soma mbele.

Milimita 3 kwenye doa husababishwa zaidi na nozo iliyoziba, kichwa cha springla kilichozama chini ya ukoka, au vichwa vilivyowekwa mbali mno. Maji ya kila springla yanatakiwa kufika hadi kwenye mguu wa springla inayofuata. Ndiyo, hadi mguuni kabisa, siyo kukutana katikati. Wengi hudhani huo ni ubadhirifu, kumbe mwishoni mwa mrusho ndipo maji yanapopungua, na bila jirani kusaidia lazima doa litokee. Kama aliyefunga alipunguza idadi ya vichwa kwa kuokoa hela, hakuna dawa zaidi ya kuongeza kichwa.

Iliyoziba, isafishe hivi. Kanyaga pembeni ya kichwa, vuta shina juu kwa vidole hadi lisimame, lishike lisirudi maana springi yake ina hasira. Fungua nozo kwa kuizungusha kinyume cha saa. Chini yake kuna kikapu kidogo cha plastiki, hicho ndicho chujio. Ukikitoa utakuta mchanga, majani yaliyooza, na mara nyingine konokono mdogo aliyekata tamaa. Kisugue kwa mswaki ndani ya maji. Kabla ya kurudisha, washa zamu hiyo sekunde kumi bila nozo ili takataka zilizomo kwenye bomba zitoke zenyewe. Ukiruka hatua hii utarudi hapohapo kesho. Vichwa vikiziba mara tu baada ya bomba kurekebishwa, mchanga uliingia wakati wa kufukua na fundi hakusukuma maji kabla ya kufunga. Wateja wa Arusha huniuliza kama ni floraidi inayoziba. Floraidi ya maji yanayotoka maeneo ya Meru ni jambo la kweli na la meno na mifupa, lakini kwenye kikapu cha springla sijawahi kuihukumu. Haionekani kwa macho na haijengi mchanga.

Milimita 18 kwenye kona nayo ina kisa chake. Kona hupewa springla ya robo duara. Kwa springla za feni hakuna shida, nozo ya robo hutoa robo ya maji. Rota ni tofauti: ukiifunga izunguke robo tu lakini ukaiachia nozo ileile ya duara zima, maji yaliyokuwa yatawanyike eneo zima yanamwagwa kwenye robo yake. Kona inapata mara nne. Kwenye boksi la rota huwa kuna kifurushi cha nozo ndogondogo za namba tofauti ambacho mafundi wengi hukitupa na kadibodi. Kitafute stoo. Kona ipate nozo ndogo, ya nusu duara ipate ya wastani, ya katikati kubwa.

Na kama makopo yako sawa lakini maji yanatiririka hata hivyo, tazama udongo. Udongo mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania viatu masika, unaweza kunywa chini ya milimita 10 kwa saa. Springla ya feni inaumwagia 40. Dakika tano za kwanza unapokea, baada ya hapo unatema. Hapa ndipo ile mistari mingi ya muda wa kuanza, iliyokuwa ugonjwa kule Shanty Town, inageuka dawa: badala ya dakika 15 kwa mkupuo, weka dakika 5 kwa kila zamu na mizunguko mitatu, kila mmoja saa moja baada ya mwingine. Maji ni yaleyale, ila yanaingia ardhini. Usisahau tu kupunguza dakika unapoongeza mistari.

Ukungu mweupe juu ya springla

Unapendeza kwenye picha, upinde wa mvua unatokea, na maji yako yanapeperushwa hadi Himo, mji wa jirani. Hiyo ni presha iliyozidi. Springla za feni hutaka kama bar 2, rota kama bar 3. Presha ikipanda mara mbili, maji yanayotoka huongezeka kwa asilimia 40 hivi, na yanapasuka kuwa matone madogo ambayo upepo unayabeba. Maji mengi ya mji wa Moshi hushuka kwa mserereko kutoka chemchemi za mlimani, kwa hiyo nyumba iliyo chini ya mteremko inaweza kuwa na presha ya kutisha usiku watu wakiwa wamelala, na ya kawaida mchana. Ndiyo sababu utaona ukungu alfajiri na usiuone saa nane ukimwita fundi. Pima kwa geji saa zilezile springla zinapofanya kazi, kisha funga valvu ya kupunguza presha, au kaba kidogo skrubu ya mtiririko iliyo juu ya valvu ya zamu.

Vichwa haviinuki, au vinachuruzika kama mtu anayetema

Swali langu la kwanza: maji yanatoka wapi? Kama ni simtank iliyo juu ya mnara wa mita 6 bila pampu, tumeshamaliza. Kila mita 10 za kimo ni bar 1, kwa hiyo mnara wako unakupa karibu 0.6, na springla ya feni inataka 2. Ungehitaji mnara wa mita 20, ghorofa sita hivi. Nunua pampu, au badilisha uende kwenye mabomba ya matone, ambayo presha ndogo yanaiweza na kwa maua na miti ni bora kuliko springla yoyote.

Kama pampu ipo, hesabu vichwa vya zamu hiyo, zidisha kwa lita zake, linganisha na pampu inavyoweza. Kuna mtu aliongeza springla tatu kwenye zamu iliyokuwa na sita kwa sababu alipanua bustani hadi kwenye banda la kuku, na zote tisa zikawa zinachuruzika. Zigawe zamu mbili. Ikiwa zamu zilikuwa nzuri na zimedhoofika polepole, fungua chujio kubwa la baada ya pampu. Zikidhoofika ghafla zamu moja tu, bomba limekatwa. Muulize aliyechimba shimo la mchicha jana.

Springla ya chini kabisa inavuja baada ya kuzima

Simama nayo kwa robo saa. Ikivuja kisha ikaacha, ni bomba linajimwaga. Viwanja vyetu vina mteremko, na maji yaliyobaki kwenye bomba hutafuta kichwa cha chini. Mita 60 za bomba la inchi moja hubeba kama lita 30, ambazo unazipoteza kila mzunguko, na ukigawa mizunguko mitatu kama nilivyoshauri hapo juu unazipoteza mara tatu. Kuna vichwa vyenye valvu ndogo ndani ya kuzuia hilo. Badilisha viwili vitatu vya chini tu, siyo vyote.

Isipoacha kuvuja, hiyo ni valvu ya zamu haifungi. Kabla ya kununua mpya, angalia skrubu ndogo ya kutoa hewa iliyo juu yake, huenda mtu aliifungua kuwasha kwa mkono akasahau. Ikiwa imekazwa, funga maji, fungua skrubu za mfuniko, toa kiwambo cha mpira ukiangalia springi isirukie kwenye majani. Chembe moja ya mchanga chini ya mpira inatosha. Osha, angalia kama mpira umechanika, rudisha ulivyoutoa. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua. Mimi bado hupiga.

Pampu inashtuka usiku na umeme wa LUKU unaisha

Pampu ya kujiwasha huamka presha ikishuka. Kama inawaka sekunde chache na kuzima, tena na tena, saa ambazo hakuna anayetumia maji, kuna uvujaji mdogo mahali, na hewa ikiwa imepungua kwenye mtungi wa presha huwaka mara nyingi zaidi. Funga koki inayokwenda bustanini. Ikinyamaza, ugonjwa uko bustanini, rudi kwenye kijiti na valvu. Ikiendelea, uko upande wa nyumba.

Kila kitu kizima, na bili bado haibebeki

Hapo bustani ni kubwa kuliko mfuko, na springla haina kosa. Mwezi wa Aprili shida hii isikuhusu, masika zima taima kabisa. Nashangaa bado naona springla zinarusha maji chini ya mvua ya Moshi mjini. Swali ni Januari na Februari. Ukoka wa asili, ukinyimwa maji, hugeuka kahawia na kulala. Mizizi iko hai na mvua ikirudi unaamka. Nyasi nyingine laini za kununua kwa mikeka hazivumilii hivyo, kwa hiyo jua ulicho nacho kabla hujajaribu.

Mzee mmoja mstaafu wa mtaa wa Rau, hapa Moshi, alikuwa na zamu nne. Tulikaa barazani na kalamu. Zamu tatu za mbele ndizo anazoziona akinywa chai, ya nne iko nyuma ya nyumba, anaifikia akienda kuangalia ndizi tu. Akaniuliza kama italala kweli au nataka kumzika ukoka wake. Nikamwonyesha uwanja wa mpira uliokuwa jirani: Februari kahawia kabisa, Aprili watoto wanachezea kijani. Akakubali. Sikung'oa kichwa hata kimoja. Waya wa valvu ya nne niliuchomoa kwenye taima, nikauzungushia tepu nyeusi, nikaandika juu yake tarehe, na upo palepale kwenye kikasha ukisubiri atakayeamua kuurudisha.